Ndege Ndogo Zibaki Wilson

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: shule za urubani na ndege ndogo zisiondolewe katika Uwanja wa Wilson, Nairobi.

Uwanja huu ulianza kama makao ya Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha Florence Kerr Wilson mwaka 1929, na mwaka 1962 ukapewa jina lake. Ndege kubwa za kimataifa zina Uwanja wa Jomo Kenyatta. Kutoka Wilson huondoka watalii wa Maasai Mara, ndege za polisi, misaada ya Somalia na Sudan Kusini, na ndege za kuokoa wagonjwa za AMREF, shirika lililoanza mwaka 1957 kwa wazo la madaktari wa kuruka.

Anayeutathmini uwanja kwa ukubwa wa ukumbi wa abiria ataudharau. Utajiri wa Wilson umo kwenye mahanga: mafundi wa injini, wa redio, wa mabati ya ndege, wote wamekaribiana kiasi cha kuitana. Humo ndimo fundi kijana anapojifunzia kazi. Tazama pia mwanafunzi asubuhi kabla hajaruka. Huchota mafuta kidogo kutoka kwenye tangi la bawa, akainua kikombe kwenye mwanga. Petroli ya ndege iwe ya buluu. Tone la maji likionekana chini, anamwaga na kuchota tena. Akikuta mafuta yasiyo na rangi, huenda tangi limetiwa mafuta ya injini za jeti, na injini yake ya pistoni itazimika angani. Uangalifu huo ndio atakaokwenda nao kwenye ndege ya abiria hamsini.

Sasa nije kwenye hatari. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hupaa kana kwamba iko zaidi ya futi 8,000. Cessna 172 iliyojaa mafuta hukimbia sana kabla ya kuiacha lami, kisha hupanda polepole mno. Kwa hiyo ghorofa zinazoongezwa katika mitaa jirani ya South C na Nairobi West zinapunguza nafasi ya rubani kujiokoa injini ikilegea. Hili linaniudhi, kwa sababu uwanja ulitangulia majengo hayo kwa miongo mingi.

Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Tangu hapo hoja ya kuzihamisha shule imepata nguvu, nami naelewa uchungu unaoisukuma. Lakini mwanafunzi akipelekwa mbali, atafuatwa na mafundi gani, na mafuta gani?

Napendekeza njia za mafunzo zitenganishwe na za abiria kwa kimo na kwa saa, na kila ndege, hata ya viti viwili, iwe na kifaa cha kuionyesha kwenye rada. Kaunti nayo isiidhinishe ramani ya jengo lolote jirani kabla Mamlaka ya Usafiri wa Anga haijapima urefu wake, na paa lililozidi kipimo lishushwe kwa gharama ya mwenye jengo.