Fimbo ya umeme inafanya nini mwilini, na kwa nini tusingoje siku tisa

Haya ni maneno tuliyosema kwenye mkutano wetu wa Jumamosi. Wengi mlibaki nje juu nafasi ilikuwa kidogo, njo maana tunayaweka hapa karibu jinsi yalivyosemwa.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Mwenzetu mmoja alishikwa kwenye maandamano ya kudai maji, akalala siku mbili mu buloko. Alipotoka alituambia: "Walinitia umeme hapa mbavuni, na huku mapajani. Nililia kama mutoto." Tulimkumbatia, tukapiga picha pamoja naye, tukaandika tangazo kali, kila mtu akarudi kwake. Siku ya tisa njo tulimpeleka kwa dokta. Dokta alimwangalia kwa heshima, akasema haoni kitu. Karatasi ikaandikwa hivyo. Tulipoenda kuweka malalamiko, aliyetupokea akaisoma mara mbili, akatuuliza: "Sasa mateso iko wapi?" Tulikosa jibu. Tulitoka pale na haya.

Kuko kati yetu waliosoma fizika, diploma zao zinalala kwenye sanduku. Basi leo zitumike kidogo.

Kwenye fimbo ya umeme wanaandika volti elfu nyingi, zingine hata zaidi, ili mtu aogope mbele hata ya kuguswa. Volti peke yake haisemi mengi. Ukivua koti ya nailoni wakati wa jua kali, zile cheche unazosikia zinaweza kuwa za volti maelfu, na hakuna aliyekufa kwa kuvua koti. Kinachohesabika ni umeme kiasi gani unapita mwilini, unapita njia gani, na kwa muda gani.

Hapo kwenye njia njo siri yote iko. Kuko silaha za aina mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ile bunduki ya umeme, Taser, iliyotungwa Marekani na Jack Cover katika miaka ya 1970. Inarusha misumari miwili midogo iliyofungwa kwa nyaya. Ikichoma mwili mahali pawili palipo mbali, tuseme mgongoni na pajani, umeme unapita kati yake, ndani ya misuli, unashika mishipa inayoamuru misuli kukaza. Aina moja iliyotumika sana, X26, inatuma mipigo kama 19 kwa sekunde moja, kwa sekunde 5. Misuli inakaza yote pamoja na mtu anaanguka kama gogo. Hata akitaka kutii hawezi.

Ya pili ni fimbo. Ile ina vyuma viwili mbele, karibu karibu, sentimita chache tu kati yao. Umeme unatoka chuma hiki unaingia kile, unapita juu juu kwenye ngozi na nyama kidogo. Hauwezi kumfunga mtu misuli ya mwili mzima. Unachoma tu mishipa ya maumivu. Sasa muangalie vizuri: mtu anayekimbia na panga, fimbo hii haimsimamishi kwa hakika. Mtu aliyekwisha kufungwa mikono, amekaa chini mu buloko, kwake yeye inafanya kazi kabisa. Kwa hiyo tukisikia kwamba ni chombo cha kulinda usalama, tuulize usalama wa nani, juu kazi yake moja ni kuumiza. Mwaka 2023 mripoti maalum wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, Alice Edwards, aliziweka silaha za umeme zinazogusa mwili moja kwa moja kwenye orodha ya vyombo vinavyopaswa kukatazwa kabisa, kutengenezwa na kuuzwa.

Chanzo chake pia kinasema. Huko Argentina polisi walichukua fimbo ya umeme ya kuswaga ng'ombe, wakaanza kuitumia kwa watu katika miaka ya 1930. Wachungaji wetu wa Masisi wanaongoza ng'ombe kwa fimbo ya mti, na ng'ombe wanafika. Kule Algeria, kati ya 1954 na 1962, jeshi la Ufaransa lilitumia jenereta ndogo ya simu ya vitani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Askari waliipa jina la utani, gégène. Kote huko watesaji walipenda umeme juu ya jambo moja: mtu analia usiku kucha, asubuhi ngozi yake inaonekana nzima.

Inaonekana nzima, lakini si nzima. Umeme unaacha alama ndogo sana, duara nyekundu au za kahawia, milimita 1 mpaka 3 tu, mara nyingi mbili mbili, na umbali kati yao unafanana na ule wa vyuma vya fimbo. Ukitafuta jeraha kubwa hutaziona. Siku chache, nyingi zinafifia. Na wanaojua kazi hiyo chafu wanamwagia mtu maji mbele: maji yanarahisisha umeme kuingia, tena yanautawanya, ngozi haichomeki sana. Kwa hiyo mwenzetu akisema "walinimwagia maji kwanza", tusiruke hilo neno. Ni ushahidi.

Ndani ya mwili kuko mengine. Misuli inauma kama umebeba mifuko ya makala siku nzima. Kuna wanaouma ulimi, wanaovunja jino, wanaoanguka na kupiga kichwa kwenye sima. Misuli ikiumia sana inabomoka, mabaki yake yanaenda kwenye figo, mkojo unageuka rangi ya chai kavu au ya Coca. Mtu akiona mkojo wa namna hiyo ni hospitali siku ileile, kwa sababu figo zinaweza kusimama. Umeme ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo; mwaka 2009 kampuni ya Taser yenyewe iliwaambia polisi wakwepe kulenga kifua. Na usingizi... Mwenzetu mpaka leo akisikia mlio wa umeme kwenye waya wa nje anatoka nyumbani. Kwetu umeme unakatika kila siku, lakini ule unaomsumbua yeye haukatike.

Turudi kwa swali la yule bwana, mateso iko wapi. Sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011, iliyoingiza mateso kwenye kitabu cha makosa ya jinai, inasema juu ya maumivu makali ya mwili au ya akili. Haikuandika kovu. Adhabu ni miaka 5 mpaka 10, na inapanda mtu akipata ulemavu au kama ni mtoto, mjamzito au mzee. Akikufa, ni kifungo cha maisha. Na wale wanaotujibu "tuko mu état de siège" wasome kifungu cha 61 cha Katiba: hata wakati huo, katazo la mateso haliguswi.

Lakini sheria bila ushahidi inalala. Tarehe 14 Oktoba 2007, kwenye uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, msafiri kutoka Poland, Robert Dziekański, alipigwa Taser mara tano, akafa pale pale. Hakujua Kiingereza, alikuwa amezunguka humo masaa mengi bila kusaidiwa. Polisi walieleza hadithi yao. Msafiri mwingine alikuwa amechukua video, na video ikasema tofauti. Baadaye polisi wawili walihukumiwa kwa kusema uongo mbele ya tume ya uchunguzi. Bila ile video, hadithi ya kwanza ingebaki.

Mu buloko hatuna video. Tuko na mwili, na mwili una masaa machache. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: mtu akitoka, mbele ya picha za pamoja na mbele ya tangazo, anaenda kwa dokta siku ileile, na mmoja wetu anamsindikiza. Kama anaona haya kuvua nguo mbele yetu, tumpe nafasi, abaki na dokta peke yake. Asioge kwanza kama anaweza kuvumilia. Tunapiga picha za alama karibu, na taa, tukiweka rula au kofia ya bic kando ili ukubwa uonekane, kisha tena siku ya pili na ya tatu. Yeye mwenyewe anasimulia, sisi tunaandika maneno yake, hatumpangii: wapi, mara ngapi, saa gani, fimbo ilikuwa rangi gani, ilitoa mlio gani, nani alikuwepo. Dokta aombwe aandike pia anachosikia mgonjwa, si anachokiona peke yake. Kuko mwongozo wa Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo, Protokali ya Istanbul, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Tumeshaichapa kwa Kifaransa.

Na akiwa bado ndani, familia isingoje. Kifungu cha 18 kinampa haki ya kuwasiliana mara moja na familia au wakili, na hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria.

Mwenzetu amekubali kurudi kwa dokta mwingine Jumatano, juu ya usingizi na juu ya mguu wa kushoto ambao bado unamwasha. Wawili kati yetu wanaenda naye. Michoro ya mwili, mbele na nyuma, iko tayari, nakala arobaini. Wale wa kata zingine wanaotaka, mkuje kuzichukua, na mlete kalamu nyekundu.