Lugha ya Ukweni

Msikilizaji, Waingereza walipoanza kuhamia Australia mwaka 1788, bara hilo lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Nichukue moja tu, Kidyirbal cha kaskazini mwa Queensland.

Mama mkwe akiwa karibu, mwanamume aliacha Guwal, lugha ya kila siku, akasema Dyalnguy, lugha ya ukweni. Matamshi na sarufi havikubadilika. Msamiati ndio uliogeuka, karibu wote. Na kwa kuwa Dyalnguy ilikuwa na maneno machache, neno lake moja lilisimamia maneno kadhaa ya Guwal. Mwanaisimu R. M. W. Dixon, aliyeanza utafiti huko mwaka 1963, alilinganisha misamiati hiyo miwili akaona jinsi wenyewe walivyopanga maana za vitenzi vyao. Heshima ya mkwe ilikuwa imehifadhi elimu nzima ya lugha!

Wakati huo Dyalnguy ilikuwa imebaki katika kumbukumbu za wazee tu. Walowezi walikuwa wameshatwaa ardhi, na katika makazi ya wamishonari watoto wengi walikatazwa lugha zao. Jimbo jingine, New South Wales, lilitunga sheria ya kulinda lugha za wenyeji wake mwaka 2017. Ni hatua njema, lakini walimu na fedha vinahitajika sasa, wazungumzaji wangali hai.