Chapati ya Pinki na Afya ya Matiti Yako

Karibu jikoni. Leo tunapika, na tukimaliza kupika kuna jambo la kuzungumza. Kwa hivyo mwite jirani, mwite dada, na yule binti aliyevunja ungo naye aje aketi karibu.

Kila mwaka mwezi wa Oktoba huwaona watu wamevaa utepe wa rangi ya waridi, ile tunayoiita pinki. Huo ni mwezi wa kukumbushana kuhusu saratani ya matiti. Hapa Kenya, saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Si lazima ununue utepe wala fulana ili ushiriki. Rangi hiyo iko sokoni: bitiruti, tikiti maji, na mapera yaliyo mekundu ndani.

Leo tutapika chapati za bitiruti. Tafuta bitiruti 2 za ukubwa wa wastani, unga wa ngano vikombe 4, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vikubwa, na nusu limau.

Osha bitiruti vizuri, lakini usizimenye. Acha mkia wake na kipande kifupi cha shina, maana ukikata kabla ya kuchemsha, rangi yote itaishia kwenye maji. Chemsha kwa muda wa dakika 40 hivi, mpaka kisu kiingie bila shida. Zikipoa, zimenye, zikune kama unavyokuna karoti, kisha uziponde zilainike. Kamulia limau, kwani ukali wake husaidia rangi isififie. Changanya na unga, chumvi na mafuta, halafu ukande ukiongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Funika unga upumzike nusu saa. Sukuma chapati na uzipike kwa moto wa wastani. Moto mkali utaziunguza na kufanya rangi iwe ya kahawia.

Majani ya bitiruti usiyatupe. Yakate na uyapike kama spinachi. Baada ya chakula, wape watoto mapera. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Neno moja la tahadhari. Mtoto akila bitiruti, mkojo au choo chake kinaweza kuwa chekundu. Usishtuke, hiyo ni rangi ya chakula, nayo huisha baada ya siku moja au mbili. Lakini kama hakula bitiruti na umeona wekundu, mpeleke kituo cha afya.

Sasa chakula kimeandaliwa. Mtoto ataangalia sahani na kuuliza, "Mama, mbona chapati ni pinki?" Hilo ndilo swali tulilokuwa tukilingoja. Usilikwepe.

Kwanza, sema ukweli. Bitiruti haitibu saratani. Tikiti maji halitibu saratani. Matunda na mboga ni chakula bora, na kila familia inavihitaji. Kutokunywa pombe, kufanya mazoezi, kuepuka unene wa kupita kiasi na kunyonyesha watoto hupunguza hatari ya saratani ya matiti. Hupunguza, lakini haviondoi hatari yote. Mama anayekula vizuri anaweza kuugua pia. Hata wanaume huipata, ingawa ni wachache.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Tuchukue mfano wa mama mmoja. Anaoga, anahisi uvimbe mdogo kama punje ya hindi. Hauumi. Rafiki anamwambia, "Kunywa maji ya bitiruti kila asubuhi, utayeyuka." Anakunywa mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Siku anayofika hospitalini, uvimbe umeshafika kwapani. Bitiruti haikumdhuru mama huyu. Kilichomdhuru ni ile miezi sita. Saratani ya matiti ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika. Ikicheleweshwa, matibabu huwa magumu na ghali zaidi.

Basi mama, yajue matiti yako. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi, simama mbele ya kioo. Tazama, kisha upapase titi lote mpaka kwapani kwa vidole vilivyolala. Kama unanyonyesha, fanya hivyo mtoto akishashiba na titi likiwa laini. Kama hedhi imekoma, chagua tarehe moja usiyoweza kuisahau.

Nenda ukapimwe ukiona mojawapo ya haya:

- Uvimbe kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi.
- Titi limebadilika umbo au ukubwa bila sababu.
- Ngozi imebonyea, au imekuwa kama ganda la chungwa.
- Chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani, au ina kidonda kisichopona.
- Chuchu inatoa damu au majimaji yasiyo ya kawaida.
- Unanyonyesha, titi limevimba na kuwa jekundu, na dawa ulizopewa hazisaidii.

Usianze kulia kabla ya kupimwa. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini huwezi kujua kwa kukisia, wala jirani hawezi kujua. Mhudumu wa afya atakupapasa. Akiona haja, utapigwa picha ya matiti, kisha kipande kidogo cha uvimbe kitachukuliwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Wengine husema sindano hiyo husambaza saratani. Si kweli. Hiyo ndiyo njia ya kupata jibu kamili.

Na usingoje uvimbe. Ukifika miaka 40, muulize mhudumu kuhusu kupimwa kwa picha. Kama mama yako, dada yako au binti yako aliugua, uliza mapema zaidi. Kama hujajiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, jiandikishe ukiwa mzima, na uulize hospitalini ni huduma gani zinazolipiwa.

Najua wengi wetu tunaona haya. Tunamfulia kila mtu, tunampeleka kila mtoto kliniki, lakini miili yetu tunaifungia mlango. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto anayekuuliza kuhusu chapati bado anakuhitaji.

Pika, kula, zungumza, kisha ujipime.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au kikundini:

1. Ni lini mara ya mwisho ulipoyachunguza matiti yako?
2. Ukipata uvimbe leo, utamwambia nani kwanza, na utaenda kituo gani?
3. Ni nani katika familia yako anayehitaji kusikia mazungumzo haya?