Rangi ya Tone la Damu

Leo tutazungumza juu ya rangi.

Jani la muhogo ni la kijani kwa sababu chembe zake zina vipunje vya kijani. Damu ni nyekundu kwa sababu chembe zake nyingi zina kitu chekundu chenye madini ya chuma. Lakini sehemu nyingi za chembe hazina rangi. Ukizitazama kwa hadubini, ni kama kutafuta maji ndani ya maji.

Sasa, mtoto ana homa. Mpimaji humchoma kidole, hupaka tone la damu juu ya kioo, hulikausha, kisha hulitia rangi ya Giemsa. Mjerumani Gustav Giemsa aliieleza mwaka 1904. Kiini cha kijidudu cha malaria hushika wekundu, na mwili wake hushika buluu. Aliyejificha ameonekana!

Ninyi mwendao porini kurina asali mwawajua mbung'o, waletao malale. Kijidudu cha malale huweza kuonekana hata bila rangi, maana hujinyonganyonga kati ya chembe za damu.

Homa hizi mbili huweza kufanana mwanzoni, lakini dawa zake ni mbalimbali. Basi usibahatishe vidonge. Mpeleke mgonjwa akapimwe upesi.

Maswali:
1. Kwa nini damu ni nyekundu?
2. Kwa nini mpimaji hutia rangi?