Mji Mzuri Haumsomei Mtu



Nimeombwa nizungumze juu ya kuishi na kusoma katika mji wa pwani usio na joto kali wala baridi kali. Mimi nilisomea Cape Town, Afrika ya Kusini. Nitawaelezeni uzuri wake, na hasara niliyoipata kwa ajili ya uzuri huo.

Chuo Kikuu kimejengwa kwenye mteremko wa mlima. Ukitoka darasani unaiona tambarare yote chini yako. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua ni haba, na jua hutua karibu saa mbili usiku. Upepo wa kusini-mashariki hufagia moshi na vumbi, ndiyo maana wenyeji huuita Daktari. Mvua hunyesha zaidi Juni hadi Agosti. Aliyezoea jasho la Dar es Salaam huona raha kukaa na kitabu mchana kutwa.

Lakini garimoshi la kwenda Simon's Town hupita chini ya chuo, na njiani husimama Muizenberg, ambako bahari haina baridi kama ile ya upande wa Atlantiki. Mwaka wa kwanza nilipanda garimoshi hilo kuliko nilivyopanda ngazi za maktaba. Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimeshindwa masomo mawili.

Baba alikuwa ameuza ng'ombe watatu ili nisafiri. Niliandika barua mara tatu nikaichana. Mara ya nne nikamwambia kweli. Alijibu kwa maneno machache: bahari haitahama, maliza kwanza masomo.

Hapo ndipo nilipowatazama vizuri wenzangu waliotoka Khayelitsha, ambako wakati wa mvua maji huingia katika vibanda. Mji ulikuwa ule ule, lakini raha haikuwa ile ile. Wao walifika maktaba mapema kuliko mimi niliyelala chuoni. Nikajiunga nao. Nilirudia masomo yale, nikafaulu.

Wadogo zangu, mkipata nafasi ya kwenda mji kama ule, nendeni. Ulizeni kwanza habari za walimu, ada na maktaba, ndipo muulize habari za hewa. Hewa nzuri humburudisha aliyefanya kazi. Mvivu humlaza usingizi.