Mtu wa Hisabati Asiyejua Kujumlisha

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Bujora)



Nimeombwa niseme machache juu ya hisabati, kwa kuwa nililisoma somo hilo hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walioniomba hawakujua kwamba mpaka leo nikiulizwa ghafla saba mara nane, nasita. Naona tuliokaa dawati moja wanacheka. Wao wanajua.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Bujora. Shule ya msingi tuliimba tebo kila asubuhi, nami nilichezesha midomo tu. Nikiwa darasa la sita, baba alinichukua twende kuuza pamba. Magunia yetu matatu yalipimwa: kilo 47, kilo 58 na kilo 36. Baba hakusoma, akaniambia, "Haya mwanangu, jumlisha." Nikaandika moja, nikazisahau mbili za mkononi, nikatamka 121. Mnunuzi akasema, "Mzee, huyu msomi!" Akalipa kilo 121. Usiku mama alipanga punje za mahindi mafungu ya kumi kumi, akapata 141. Kilo 20 zilikuwa zimekwenda. Baba hakunipiga. Alinyamaza tu, na kimya kile nakikumbuka kuliko fimbo zote nilizochapwa.

Tangu hapo nikajulikana kuwa hesabu siziwezi, nami nikaamini. Hapa shuleni mambo yalianza kubadilika herufi ziliposhika nafasi ya tarakimu. Kidato cha Tano tukafundishwa mlinganyo wa duara. Wenzangu waliukariri, mimi niliiona nyumba ya msonge, kama zile mlizoziona leo kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Mjenzi huchomeka kigingi katikati, hufunga kamba, kisha huzunguka akichora ardhini. Popote afikapo, kamba ni ile ile. Mlinganyo wa duara hausemi zaidi ya hapo. Siku ile nilijua kwamba kufikiri naweza, ingawa mtihani ulipokuja nilipoteza alama kwa kujumlisha vibaya mstari wa mwisho.

Baadaye nilisoma habari za Henri Poincaré wa Ufaransa, mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa wa zama zake. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 alikiri kwamba hawezi kujumlisha bila kukosea. Nilifarijika sana. Tebo hukaa katika kumbukumbu kama wimbo. Hisabati ya juu huuliza kwa nini jambo liko hivyo. Mtu anaweza kupungukiwa na la kwanza asipungukiwe na la pili. Ugumu huu ukiwa mkubwa wataalamu huuita diskalkulia, nao wanatuambia kuwa si uvivu wala ujinga.

Lakini vijana, msitoke hapa mkisema kujumlisha si kitu. Wakulima wa kanda hii, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga vyama vya ushirika vya pamba katika miaka ya 1950, na sababu kubwa ilikuwa kuchoka kupunjwa kwenye mizani. Walijua kwamba tarakimu ni jasho la mtu.

Nami nilikumbushwa hilo kazini. Vibarua saba walifanya kazi siku nane, nami katika hati ya malipo nikaandika siku 54 badala ya 56. Aliyelipwa mwisho akapunjika siku mbili. Alikuwa mzee. Alikuja mezani kwangu, akauliza kwa upole kama labda yeye ndiye amehesabu vibaya. Nilimwona baba yangu amesimama pale. Nilikiri kosa, nikamwomba radhi, malipo yake yakarekebishwa. Tangu siku hiyo hujumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, halafu mwenzangu huhakiki. Msinambie kuna kompyuta. Kompyuta hujumlisha kile ilichopewa, na aliyeipa ni mimi.

Walimu wetu, kabla hamjamwambia mtoto kuwa hesabu si fungu lake, mpeni kwanza swali la kufikiri. Nawe kijana unayeshindwa na tebo, usiikimbie hisabati. Na siku utakayoshika fedha za watu, usione haya kuhesabu mara tatu, hata kwa punje za mahindi. Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja, lakini usiku ule ndiye aliyepata jibu.