Kadi ya Arusi kwa Mhuri na Moto

Leo tunayo kazi ya mikono, na ndani ya kazi hiyo mna kusoma, kuandika na kuhesabu. Tutatengeneza kadi ya kualikia arusi.

Siku hizi watu wengi hualikana kwa simu, na mwaliko huo ni mwaliko halali. Lakini kadi bado ina heshima yake. Mgeni huipokea kwa mkono, huiweka kabatini, na pengine huitunza miaka mingi baada ya arusi kwisha. Tena kadi nzuri ya dukani ni ghali. Anayejua kuitengeneza mwenyewe huokoa fedha zake, na akiwa na bidii huweza kupata za wengine.

Kadi yetu itakuwa na maandishi yaliyoinuka. Ukipitisha kidole juu yake unayasikia, kama unavyosikia nakshi ya mlango. Tutatumia mhuri wa mpira, wino, unga na moto.

Mhuri mnaujua. Kila aliyepata kwenda ofisi ya serikali na barua yake ameuona ukipigwa, pa! Mihuri ya namna hiyo ilipatikana baada ya watu kujua kuuimarisha mpira kwa kiberiti na joto, maana kabla ya hapo mpira uliyeyuka wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi. Charles Goodyear wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1844. Sisi hatuhitaji kiwanda. Raba ya kufutia penseli yatosha, ile kubwa na laini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mhuri huchapa kinyume. Upande wa kulia wa mhuri huwa kushoto kwenye karatasi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni jina HAWA kwa herufi kubwa. Nangoja kidogo.

Haya. Zitazameni herufi hizo moja moja. H ukiigeuza kama katika kioo, bado ni H. A ni A. W ni W. Basi je, tuchonge HAWA vivi hivi? La. Herufi hazibadiliki, lakini mpango wao hubadilika. Tukichonga HAWA, karatasi itasoma AWAH, na bibi arusi atatushangaa! Juu ya mhuri yafaa tuchonge AWAH, ndipo karatasi isome HAWA.

Katika herufi tunazotumia kuandikia Kiswahili, ziko 10 zisizobadilika kiooni: A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y. Zilizobaki hugeuka. Jina la bwana arusi ni JUMA. Hapo J peke yake ndiyo itakayotazama upande mwingine. Jaribuni kuyaandika majina yenu wenyewe kwa namna hii. Mwenye jina la REHEMA ana kazi zaidi kuliko HAWA.

Iko njia ya kujisaidia. Andika jina kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, kwa kawaida, bila kuligeuza. Laza karatasi kifudifudi juu ya raba, usugue nyuma yake kwa mgongo wa kijiko. Penseli itahamia juu ya raba, nayo itakuwa imejigeuza yenyewe. Kisha chukua wembe au kisu kidogo, uondoe kila mahali pasipo na penseli. Usichimbe chini ya herufi. Kata kwa mteremko kwenda nje, herufi iwe na msingi mpana kama kichuguu. Ukiichimba chini itayumba na kuvunjika. Tena usifanye herufi nyembamba mno, kwa sababu unga huvimbisha kila mstari na matundu madogo huzibika.

Karatasi yetu ni nzito kidogo, ya saizi ya A4, yaani milimita 210 kwa 297. Ikate katikati upate vipande viwili vya milimita 148 kwa 210. Kila kipande ukikikunja mara moja kinakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148, nayo huingia vizuri katika bahasha ya milimita 114 kwa 162. Fanyeni hesabu: wageni 60, kadi mbili kwa kila karatasi, ni karatasi 30. Nunua 35. Hizo 5 ni za kuharibu, na utaziharibu.

Wino wa mihuri ya ofisini haufai hapa. Hukauka upesi na kuzama katika karatasi, na unga hauna pa kushika. Twataka wino unaochelewa kukauka. Unga wenyewe ni wa plastiki iliyosagwa laini sana, nao huuzwa pamoja na vifaa vya kadi na kazi za mikono. Uko wa dhahabu, wa fedha na wa rangi nyingine. Watu wengi hupenda dhahabu. Mimi naona mweupe juu ya karatasi ya rangi ni mzuri zaidi, lakini arusi si yangu.

Kwanza pangusa karatasi kwa kitambaa kikavu chenye wanga kidogo. Hasa ninyi mnaokaa pwani, msiache jambo hili. Hewa yenu ina unyevu, na mafuta ya vidole nayo yamo. Unga utashika kadi nzima ionekane kama imemwagiwa mchanga. Kisha piga mhuri, umwage unga mwingi juu yake mara hiyo hiyo. Inua kadi, uigonge nyuma kwa kidole, unga uliozidi uangukie karatasi nyingine iliyokunjwa. Urudishe chupani. Hakuna kinachopotea.

Sasa moto. Kifaa bora ni mashine ya kupuliza hewa ya moto, kama ile waitumiayo mafundi wa simu. Iache ipate moto kwanza, ndipo uielekeze kwenye kadi, mbali kiasi cha vidole vinne. Kifaa cha kukaushia nywele hakifai: joto lake ni dogo na upepo wake hupeperusha unga. Asiye na mashine aweza kupitisha mgongo wa kadi karibu na uso wa pasi yenye moto, unga ukitazama juu. Shika kadi kwa kibanio, si kwa vidole. Fungua madirisha, ondoa mapazia na watoto.

Tazama unga bila kupepesa. Kwanza ni kama vumbi. Ghafula unang'aa, na mng'ao huo unatembea kutoka herufi hadi herufi. Ukifika mwisho, ondoa moto. Ukizidisha, unga huzama katika karatasi na maandishi hulala, yakabaki kama doa la mafuta. Kadi ikijikunja, ilaze chini ya kitabu kizito usiku mmoja.

Maneno ya ndani yaandike kwa kalamu baada ya moto, usije ukaharibu kadi uliyokwisha kuiandika. Hapa pana hatari kuliko moto. Ukiandika "saa 10" tu, mgeni mmoja atakuja alasiri na mwingine atakuja asubuhi kwa saa za Kizungu. Andika "saa 10 alasiri". Siku na tarehe zipatane. Tazama kalenda, usikisie. Jumamosi, tarehe 12 Septemba 2026, ni sawa. Ukiandika Ijumaa kwa tarehe hiyo, kadi zote 60 ni taka.

Na jina la mgeni? Mwulize mwenyewe aliandikavyo. Yuko Hadija na yuko Khadija, yuko Said na yuko Saidi. Usimsahihishe mtu jina lake.

Ukitaka kuwafanyia wengine kwa malipo, hesabu karatasi, bahasha, wino, unga na umeme, kisha uhesabu na saa zako. Kadi moja ikichukua dakika 6, kadi 60 ni dakika 360, yaani saa 6 nzima bila kupumzika. Wanawake wengi huacha kuhesabu saa hizo, wakadhani wamepata faida. Na mtu akitaka kadi 500 kwa siku mbili, mwambie aende kwa mpiga chapa.

Juma lijalo kila mmoja alete raba moja, wembe, penseli laini na jina lake limeandikwa kinyume katika daftari. Mwalimu atayasoma kwa kioo. Kwaherini.